Rangi ya Damu ya Mzee

Mwezi uliopita daktari alinikabidhi kile kidude cha kupimia sukari, akanionesha namna ya kujitoboa ubavuni mwa kidole, akanipa na chupa ndogo ya spiriti. Nilirudi nayo kazini hapa Nizwa, Omani, nikafunga mlango wa ofisi, nikachovya pamba. Harufu ile ilinipanda puani, na kabla sijajitoboa nikajikuta niko Ibra, nyumbani kwetu, nimekaa juu ya busati, nina miaka kumi, namtazama bibi yangu. Wenzangu wa umri wangu watanielewa. Tumefika wakati ambao maradhi ya wazee wetu yameanza kuwa yetu, na kila dawa tunayopewa, harufu yake tumeshaijua zamani.

Bibi alikuwa mama yake baba, na alikuwa akikaa na sisi. Kila alfajiri, akishasali na kabla ya kunywa chai, alikunja miguu sebuleni, akakifungua kikoba chake cha kitambaa, akajitoboa. Tone lilitoka taratibu, jeusi-jeusi, likasimama juu ya kidole kama ushanga. Kidude kililia, bibi akasoma namba kwa sauti kama anayesoma bei sokoni, akajifuta kwa pamba, pamba akaitupa ndani ya kopo la maziwa. Mimi nilipenda kukaa naye saa hiyo kwa sababu nyumba nzima ilikuwa kimya na yeye alikuwa wangu peke yangu.

Nyumbani tulizungumza Kiswahili, kile cha Mjini Unguja alichokuja nacho bibi. Skuli nilizungumza Kiarabu tu. Hakuna aliyenikataza. Ni kwamba siku moja Shamsa, niliyekaa naye dawati moja, alinisikia getini namjibu mama, akaingia darasani akisema, "Hawa kina hujambo-sijambo!" Darasa likacheka, na kicheko hicho kilidumu wiki nzima. Nikamwomba mama, tukiwa mbele ya watu, asinisemeshe kabisa. Mama alinitazama kidogo, akasema, "Haya." Sikujua wakati ule kwamba neno fupi kama hilo linaweza kumuuma anayelisema.

Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa Abla Rahma. Abla ndivyo tulivyowaita walimu wetu wa kike. Alikuwa mtu wa Sur, mrefu, mpole, na ukingo wa mkono wa abaya yake daima ulikuwa na vumbi la chaki. Somo lake la kwanza silisahau. Alibandika ubaoni karatasi mbili kubwa, moja ya manjano na moja nyeusi, na katikati ya kila moja akaweka kipande kidogo cha rangi ya majivu. "Kipi kimekoza zaidi?" akauliza. Sote tukaonesha kile kilichokaa juu ya manjano. Akavibandua vyote viwili, akavishika pamoja mbele ya macho yetu. Vilikuwa sawasawa, vimekatwa kwenye karatasi moja.

"Msiiamini rangi kabla ya kuuliza jirani yake nani," akasema.

Wenzangu walishangilia kama wameoneshwa mazingaombwe. Mimi nilidhani anamsema Shamsa, jirani yangu wa dawati, nikainamisha kichwa kwa aibu, nikijiuliza abla amejuaje.

Mwaka ule tulirudi kutoka likizo ya joto tukakuta rangi zote za skuli zimeharibika. Kiyoyozi cha stoo kilizimwa miezi yote ile, na rangi zilikauka ndani ya vikopo zikapasuka kama tope la wadi, mto mkavu, baada ya mvua. Abla Rahma alikitazama kikopo kimoja, akakigonga kwa ukucha, akacheka. "Vyema," akasema. "Sasa mtajifunza rangi zinatoka wapi." Akatueleza mradi wake. Kila msichana atapewa rangi moja, aitafute nyumbani kwao, jikoni au shambani au popote, lakini si dukani kwenye vikopo. Kila mmoja atapaka rangi kipande chake cha kitambaa cheupe. Kisha tutavipanga vipande vyote, tutavishona viwe kitambaa kimoja kikubwa chenye ukingo na katikati yake, na kitatundikwa siku ya maonesho, wazazi waje wakione.

Tulichagua kwa kuokota vikaratasi ndani ya boksi. Shamsa aliokota manjano, akapiga makofi, maana kila jiko lina bizari. Mwingine alipata buluu, na shangazi yake alikuwa na nili. Mmoja alipata kahawia akataja hapo hapo maganda ya komamanga. Mimi nilikunjua changu nikasoma neno la Kiarabu: *annabi*. Nilijua ni rangi, lakini sikuwa na hakika ni ipi, na sikutaka kuuliza.

Jioni nilimkuta bibi anachambua mchele. "Bibi, annabi ni rangi gani kwa Kiswahili?"

"Annabi?" Akafikiri. "Nyekundu iliyokoza ile, inayokwenda kwenye weusi? Hiyo damu ya mzee."

"Damu ya mzee?"

"Ndiyo. Nilipokuwa mwari nilikuwa na kanga ya damu ya mzee. Niliipenda kwa roho yangu yote!" Akaendelea na mchele wake.

Kila Mswahili mkubwa anayesoma hapa anajua kwamba hilo ni jina la rangi tu, kama vile mtu anavyosema rangi ya chungwa bila kuwa na chungwa mkononi. Mimi nilikuwa sijapata kulisikia. Nilikuwa mtoto wa Ibra, Kiswahili changu kilikuwa cha kula, kulala na kutumwa. Abla alikuwa amesema kila rangi inatoka katika kitu. Manjano inatoka katika bizari, buluu inatoka katika nili. Sasa bibi, ambaye hasemi uongo, ameniambia yangu inatoka wapi. Usiku sikuwa na shaka yoyote, ila nilijiuliza tu wasichana wasio na wazee nyumbani wangefanyaje.

Asubuhi yake, bibi alipokwenda kunawa, niliinama kwenye kopo la maziwa nikaokota pamba. Nilikuwa na kikasha kidogo cha plastiki kilichobaki baada ya halwa ya Idi, nikaitia humo. Siku ya pili nikaitia ya pili. Doa lilikuwa dogo mno, kama punje ya mtama, na kitambaa changu kilikuwa kipana kama leso. Siku ya nne nilishindwa kuvumilia.

"Bibi, huwezi kutoa nyingi zaidi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Nyingi ya nini? Unataka kuninyonya, mumiani wewe?"

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilimuuliza mama mumiani ni nini. Mama, aliyekuwa anapiga pasi na hana wasaa, akasema, "Ni watu wanaonyonya damu za wenzao mpaka wakafa. Hadithi tu." Yale maneno mawili ya mwisho hayakuniingia.

Hata hivyo niliendelea. Hilo ndilo linalonishangaza nikikumbuka, kwamba niliogopa na bado niliendelea, kwa sababu maonesho yalikuwa karibu na sikutaka kuwa msichana pekee asiye na rangi. Nilijiambia ni pamba iliyokwisha kutupwa, simchukulii kitu.

Siku ya kupeleka rangi zetu skuli, bibi alianguka. Nilikuwa navaa viatu nikasikia kishindo jikoni, kisha sauti ya mama, "Mama! Mama!" Bibi alikuwa amelala ubavu, uso umejaa jasho, midomo imepauka. Baba alikuwa safarini Maskati kikazi. Mama alimtia asali mdomoni kwa kidole, akaita jirani, jirani akaleta gari, wakambeba. Bibi alipopitishwa mbele yangu nilimtazama mkono wake unaning'inia, mweupe kwenye kiganja, nikaona kwa macho yangu kwamba damu imekwisha.

"Nenda skuli," mama akaniambia kwa haraka. "Basi hilo linapiga honi. Bibi atapoa, inshallah." Nikapanda basi, kikasha cha halwa kimo ndani ya begi, na njia nzima nilihisi kinanipiga mgongoni.

Somo la sanaa lilikuwa la tatu. Meza zilikuwa zimesogezwa pamoja, na juu yake kulikuwa na mabakuli na chupa: bizari ya Shamsa, nili, hina, maganda ya komamanga yaliyotwangwa, kahawa. Darasa lilinukia kama soko la wanawake la Jumatano. Abla alipita kwa kila mmoja, akauliza umeipata wapi, nani kakufundisha. Alipofika kwangu nilikifungua kikasha.

Shamsa aliona kwanza. Akaruka nyuma. "Damu! Abla, ana damu!" Wakapiga makelele wote, mabakuli yakatikisika. Abla Rahma aliniangalia usoni, hakuangalia kikasha. Akakifunika polepole, akanishika bega, akanitoa nje, akafunga mlango nyuma yetu.

"Ya nani hii?" akauliza.

"Ya bibi yangu."

"Amekupa yeye?"

"Nimeichukua." Hapo nikaanza kulia, na yote yakatoka kwa mkupuo, kopo la maziwa, mumiani, jiko, gari la jirani. "Nimemmaliza, abla. Nilitaka nyingi. Amekwenda hospitali kwa sababu nilitaka nyingi."

"Kwa nini damu, binti yangu?"

"Kwa sababu ndiyo annabi. Kwetu tunaiita hivyo." Kwa mara ya kwanza ndani ya ukuta wa skuli ile nikatamka neno la Kiswahili. "Damu ya mzee."

Niliona midomo yake inalijaribu neno lile bila sauti. *Damu* aliifahamu, haiko mbali na Kiarabu. *Mzee* nayo, kumbe, aliijua, kwa vile Sur watu wazima wengi wanajua Kiswahili. Akachuchumaa, uso wake ukawa sawa na wangu, na hakucheka. Mpaka leo namshukuru kwa hilo kuliko yote aliyonifundisha.

"Sikiliza," akasema. "Pamba inayotupwa haimpunguzii mtu kitu. Hukumdhuru bibi yako. Lakini hii ni sehemu ya mwili wake, na sehemu ya mwili haiachwi kwenye begi la skuli. Twende."

Alikwenda mpaka nyuma ya uwanja, kwenye mkunazi uliokuwa ukitupa kivuli kwenye ukuta. Akachukua jiwe bapa, akachimba, mimi nikichimba kwa mikono. Tukafukia zile pamba, akasawazisha udongo kwa kiganja, akasoma Alhamdu, nami nikamfuata. Kisha akanipeleka bombani, akaninawisha mikono kwa sabuni kama mtoto mchanga, akanipeleka ofisini, akampigia mama simu. Aliongea kidogo, akanipa mkono wa simu.

"Bibi yuko macho," alisema mama. "Anadai chai."

Alasiri mama alinipeleka hospitali. Bibi alikuwa amekaa kitandani, dripu mkononi, anamlalamikia muuguzi kwamba biskuti hazina ladha. Nilimwamkia kutoka mlangoni, "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona umesimama huko kama mgeni?"

Sikusogea. Nilikunja mkono wa sare yangu mpaka kiwikoni, nikaunyosha. "Bibi, chukua yangu."

"Yako ya nini?"

Nikamweleza. Mama alikuwa hajui habari ya kikasha, abla alikuwa hajamwambia, na nilimwona anaketi taratibu kwenye kiti cha wageni. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alianza kucheka, kicheko cha tumbo, dripu ikacheza kwenye mlingoti wake, muuguzi akaja mbio. Mama naye akacheka, machozi yakimtoka, na mimi nikabaki na mkono wangu nimeunyosha, sijui niukunje au niuache.

"Njoo," bibi akasema, akanivuta kitandani. "Hilo jina tu, mjukuu wangu. Watu wa kwetu waliona nguo nyekundu iliyotulia, haina makeke, wakasema hii si damu ya kijana. Basi. Hakuna mzee aliyekamuliwa." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na mimi nimeanguka kwa ukaidi wangu. Nimejidunga sindano ya sukari, kisha nikasema sina njaa. Mwulize mama yako nilivyokuwa mbishi."

"Mbishi kabisa," mama akasema.

Bibi akanipapasa kichwa. "Na huko skuli ulisema hivyo hivyo, damu ya mzee? Kwa Kiswahili?"

"Nilisema."

"Wakasemaje?"

"Walipiga makelele."

"Watazoea," bibi akasema, akaomba biskuti nyingine.

Jumatano iliyofuata Abla Rahma alinunua sokoni, kwa mama mmoja wa Kibedui anayesuka matandiko ya ngamia, fungu la mizizi mikavu, myembamba, inayoitwa fuwa. Aliniita mimi na, kwa sababu alizozijua mwenyewe, akamwita na Shamsa. Tukaiponda kwa zamu. Tukachemsha kitambaa kwanza kwa shabu, ile ile wanayojipaka watu kwapani, ili rangi ishike, kisha tukakitia kwenye maji ya mizizi, moto mdogo, mchana kutwa. Shamsa alikuwa anakoroga kwa kijiti. Halafu akauliza, bila kunitazama, "Bibi yako hajambo?" Alilisema neno la mwisho kwa Kiswahili, na safari hii halikuwa la kucheka. Nikamwambia hajambo.

Kitambaa kilitoka chekundu kizuri. Abla alikiweka karibu na pembe, jirani na buluu ya nili, kikawaka. Wiki mbili tulishona. Tuligombana juu ya ukingo, tukaufumua mara mbili, kwani abla alisema ukingo ukipiga kelele katikati haisikiki. Hayo nilikuja kuyaelewa nikiwa mtu mzima, katika mambo ambayo hayana uhusiano na vitambaa.

Siku ya maonesho bibi alikuja. Mama alimshika mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa na fimbo aliyoichukia. Juu ya nguo zake alikuwa amejitanda kanga, pale kwenye ua uliojaa mabuibui meusi na shela za Kiomani, na niliona vichwa vinageuka. Abla Rahma alimfuata katikati ya ua, akainama kidogo. "Shikamoo," akasema, kwa lafudhi ya Sur, kila silabi ameivuta.

Bibi alishituka, akafurahi. "Marahaba, mwanangu. Nioneshe hicho kilichotaka kunitoa roho."

Tulimpeleka mbele ya kitambaa. Kilifunika nusu ya ukuta. Mwalimu mkuu alikuwa ameshika kipaza sauti tayari kuanza, wazazi wameshakaa. Bibi alisogea mpaka pua yake ikakaribia nguo, akakipita kipande baada ya kipande, akafika kwenye changu. Akakishika kwa vidole viwili, akakisugua, akakigeuza upande wa nyuma. Nilisubiri anisifu.

"Hii siyo," akasema. "Hii bado kijana."

Nilimfasiria abla kwa aibu. Abla akasogea. "Muulize imepungua nini."

"Mwambie nimekuzwa na ukili," bibi akajibu. "Mama yangu akisuka mikeka, mimi nikimpakia rangi. Nyekundu ukitaka itulie, tafuta misumari yenye kutu, uichemshe, kisha uichovye nguo kwenye maji yake mara moja tu. Mara moja, hesabu mpaka ishirini, utoe. Mna misumari hapa?"

Nikafasiri. Nilidhani abla atacheka kwa adabu, atasema mwakani inshallah. Badala yake alitoa mkasi mfukoni, akafumua mshono wa kipande changu mbele ya watu wote, akamtuma Shamsa kwa mlinzi akalete misumari. Akamwendea mwalimu mkuu, akamnong'oneza, na mwalimu mkuu akaweka kipaza sauti chini. Birika la chai la jikoni likaletwa, misumari ikachemshiwa humo, maji yake yakamiminwa ndani ya beseni. Bibi alisimama mbele yake, fimbo ameipa mama, mikono ameikunja, anaamrisha kwa Kiswahili, nami nafasiri, na wasichana wamemzunguka wanasukumana waone. Kitambaa kiliingia chekundu. Tulihesabu kwa Kiarabu, kwa sauti moja, mpaka ishirini. Kilipotoka, kilikuwa kimekuwa kizito, kimetulia, kina kiza ndani yake. Bibi akakiinua kwenye mwanga wa jua, maji yakimtiririka viwikoni.

"Enhe," akasema. "Hiyo sasa."

Kisha akaanza kupapasa hewani akitafuta fimbo yake. Niliona kabla ya mama. Nikapaza sauti, kwa Kiswahili, juu ya vichwa vya wasichana wote wale na wazazi wao, "Bibi, usisogee, nakuletea kiti!" nikakimbia kwenye safu ya mbele.

Niliporudi na kiti kichwani, Shamsa na mwenzake walikuwa wamekwisha kumshika bibi, kila mmoja upande wake. Abla Rahma alikuwa amekaa chini sakafuni miguuni pake, daftari gotini, kalamu mkononi, anamwonesha kipande kimoja kimoja ukutani na kumuuliza rangi hii nayo kwenu mnaiitaje.